Unataka kutoa Boxer mpya uchukue Honda ya zamani? Pima ugonjwa kwanza, swap baadae

Huku kwetu Iringa, Njombe mpaka Makete hii kitu inajirudia kila msimu. Mtu ana Boxer au TVS haijamaliza hata miaka 2, ameshaanza kuichoka, anakutana na jamaa mwenye Honda XL ya zamani iliyotoka kwenye mradi au mnada wa halmashauri, jamaa anamwambia "kaka hii ni Japani yenyewe, hiyo yako plastiki tupu, njoo tubadilishane kichwa kwa kichwa", basi kesho yake wako kwa mwenyekiti wa mtaa wanaandikishana. Sisemi XL ni mbaya, kwa njia zetu za milimani ni pikipiki tamu sana ukiipata nzima. Ila wengi ninaowaona wakitoa pikipiki mpya wanakimbia klachi, tapeti (nafasi ya valvu) au kabureta, vitu ambavyo fundi anamaliza kabla ya saa sita mchana, afu wanaenda kubeba pikipiki yenye ugonjwa ambao fundi mwenyewe anakuomba uje wiki ijayo.

Kwa hiyo tuanze na hiyo uliyonayo.

HAIVUTI MLIMANI

Hili ndo lalamiko kubwa kuliko yote. Tafuta mlima unaoujua vizuri, kwa Iringa ule wa kutoka Ipogoro kupanda mjini unatosha kabisa, panda na gia ya 3, vuta mafuta afu tega sikio. Kama injini inapiga kelele inapanda juu lakini mwendo uko palepale, hiyo ni klachi inateleza, injini haina kosa lolote. Kama injini inazama, inanguruma kwa chini na haitaki kupanda hata ukivuta mpaka mwisho, klachi iko sawa, hapo shida ni nguvu ya injini au kuna kitu kinaizuia tairi.

Kwa klachi usikimbilie kununua pleti. Angalia kwanza uchezaji wa mkono wa klachi, ile nafasi tupu kabla haijaanza kuvuta, inatakiwa iwe kama milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya mkono. Wengi wanaikaza sana ili iwe laini, matokeo yake pleti hazibani sawasawa, zinateleza taratibu mpaka zinaungua. Cha pili ni oili. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, sasa mtu anaona dumu la oili ya gari lina bei nzuri anamwagia humo, na baadhi ya oili za gari za siku hizi zina dawa ya kupunguza msuguano, kwa gari ni faida ila kwa klachi yako ni sumu. Dumu la pikipiki linaandikwa JASO MA au MA2, tafuta hayo maandishi nyuma ya dumu, ukikosa hayo maandishi liache dukani. Ukishaweka oili sahihi na ukarekebisha waya na bado inateleza, hapo sasa nunua pleti, na springi zake zibadilishwe palepale, usifunge pleti mpya na springi zilizolegea.

Kama klachi ni nzima, weka stendi kubwa, pikipiki iwe huru, zungusha tairi ya nyuma kwa mkono. Ikigoma au ikizunguka nusu ikasimama, bleki imekazwa kupita kiasi au cheni ni kavu au imevutwa imekaza kama waya wa gitaa. Hii ni dakika 10 na spana mbili. Afu fungua filta ya hewa, kwa vumbi la kiangazi la njia ya Kilolo nimeona filta imegeuka rangi ya tofali. Ukitaka uhakika iwashe bila filta dakika moja tu ikiwa imesimama, ikichangamka ghafla umeshapata jibu, ila usije ukaingia nayo barabarani hivyo, vumbi linakula silinda.

Afu kuna hili ambalo huku juu watu hawaliongelei kabisa. Pikipiki nyingi zinapandishwa kutoka Dar zikiwa kabureta imepangwa kwa hewa ya pwani. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, Makete kuna vijiji vinapita mita 2,000, na uwanda wa Kitulo ni mita 2,600 kwenda juu. Huko hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mafuta yanaingia yaleyale wakati hewa imepungua, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Dalili zake ni tatu na zinakuja pamoja: haivuti, inakula mafuta, na plagi ukiifungua ni nyeusi ina masizi makavu. Dawa ni jeti kubwa ya kabureta ipungue saizi, au kama sindano yako ina ngazi fundi aishushe ngazi moja, afu skrubu ya mchanganyiko ipangwe upya injini ikiwa ya moto. Ukishuka nayo pwani kukaa huko, irudishe ilivyokuwa, maana huko itakuwa na mafuta machache, itachemka na plagi itakuwa nyeupe.

Na hapa ndo nacheka mtu anaponiambia anataka XL kwa sababu Boxer imeishiwa nguvu Makete. Mkuu, XL nayo ni kabureta, mwinuko hauulizi kama umetoka Japani au India.

INAKULA WESE

Kabla hujalalamika pima. Jaza tenki mpaka shingoni, tembea umbali unaoujua, rudi sheli ileile jaza tena mpaka palepale, gawanya kilometa kwa lita. Kama mita ya kilometa imekufa tumia njia yenye umbali unaojulikana, Iringa hadi Mafinga ni kama kilometa 80, ukienda na kurudi una 160, hesabu nzuri kabisa. Usipime kwa hela, kusema "zamani buku 5 ilikuwa inanimaliza siku" haina maana, bei ya mafuta inabadilika kila mwezi.

Na usipime na mafuta ya chupa za maji za barabarani. Chupa ya lita haijai lita, na humo huwezi kujua kama kumechanganywa mafuta ya taa, ambayo ndo yanaleta moshi na ule mgongano wa chuma ukiwa mlimani.

Ukikuta kweli inakula, sababu ni zilezile za juu, filta, mwinuko, bleki inayoshika, klachi inayoteleza, ongeza choki iliyokwama nusu na upepo mdogo kwenye tairi. Harufu ya petroli ukiwa umeipaki nayo ifuatilie, kabureta inaweza kuwa inafurika.

KELELE KWENYE INJINI

Hapa ndo watu wanapigwa hela. Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye kava la injini, mpini ubane sikioni, uhamishe taratibu kutoka juu kwenda chini huku pikipiki inanguruma. Ukiisikia tik tik tik nyepesi kule juu kabisa, hiyo ni tapeti, inarekebishwa kwa geji na kazi ni ndogo sana. Ukisikia mchakato kama cheni inajipiga ubavuni, hiyo ni timing cheni au kikazio chake. Mgongano mzito wa chini, gu gu gu, unaoongezeka ukivuta mafuta, hiyo ni konrodi au beringi za krenki, na huo ndo ugonjwa wa maana.

Sasa sikiliza, pikipiki za Kichina nyingi zinatumia injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, nyingi zina namba inayoanza na 156FMI kwa 125 au 162FMJ kwa 150, ila namba hizo zinataja saizi tu, hata injini za Kichina zenye timing cheni zinaweza kuwa nazo. Hizo za aina ya CG ni za pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu), kemshafti iko chini, hazina timing cheni kabisa. Fundi akikwambia timing cheni ya injini hiyo ya pushirodi imeisha, lipa soda aliyokununulia uondoke. Boxer na TVS HLX zenyewe zina timing cheni, XL pia.

Tapeti kulia kidogo sio mbaya. Ya kuogopa ni tapeti iliyokazwa mpaka kimya, valvu haifungi sawasawa, inaungua, na asubuhi pikipiki inagoma. Honda CG ni milimita 0.08 zote mbili injini ikiwa baridi, kwa Boxer na TVS fuata kitabu chake, ila neno "baridi" ni kwa zote. Fundi anayepanga tapeti dakika 5 baada ya wewe kufika kutoka safari anabahatisha.

HAIWAKI ASUBUHI

Baridi ya Njombe mwezi wa 6 na wa 7 pikipiki yoyote ya kabureta inataka choki, hilo sio ugonjwa. Ikigoma na choki, toa plagi iguse kwenye silinda piga kiki uangalie cheche, cheche ya bluu inayolia ni nzuri, ya njano dhaifu ni plagi au koili. Cheche ipo na bado haiwaki, angalia tapeti, afu mgandamizo: piga kiki polepole kwa mkono, inatakiwa ikuzuie. Ikienda laini kabisa mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi urudie, mgandamizo ukirudi ni ringi, usiporudi ni valvu.

Stata ikilia kwa unyonge mara nyingi ni betri tu. Usiuze pikipiki kwa sababu ya betri, jamani.

INAYUMBA

Shika tairi ya mbele ikiwa juu, ivute mbele na nyuma, ikigonga ni beringi za shingo. Nyuma, isukume tairi kushoto na kulia, ikicheza ni bushi za swingiamu au beringi za tairi. Pitia spoku moja moja kwa kuzigonga na spana, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Vyote hivi havifiki bei ya kupoteza pikipiki.

UMEMALIZA YOTE NA BADO UNAITAKA YA ZAMANI?

Basi sababu iwe ya kazi. Njia yako ni matope na mawe kila siku, hapo XL ina hoja, tairi ya mbele ni inchi 21 na nyuma 18 wakati Boxer ni 17 kwa 17, inapanda mawe ambayo Boxer inagonga tumbo. Ni ya kwendea shamba, huwindi nayo abiria, ikilala kwa fundi siku 4 watoto wanakula, hapo pia sawa. Ila kama ndo unapeleka hesabu kila jioni mi nakwambia wazi usifanye, XL iko juu sana, mama mwenye mtoto mgongoni anahangaika kupanda, na siku moja ya kusubiri kifaa ni siku ya njaa. Na kama pikipiki ni ya mkataba hujamaliza, au ya mkopo na kadi iko kwa aliyekukopesha, funga mjadala, sio yako ya kubadilishana.

Sasa dalili za huyo mzee unayemtaka.

Umefika ukaikuta injini ya moto. Mwenyewe kaiwasha kabla hujaja ili usione shida ya kuwaka. Weka mkono kwenye silinda kabla ya salamu kuisha, ikiwa ya moto kunywa chai naye mpaka ipoe, au rudi kesho asubuhi bila kupiga simu.

Inatoa moshi wa bluu. Ukitoka pale inapowaka tu afu ukapotea, sili za valvu zimechoka, unaweza kuishi nayo kidogo. Ukitoka kila ukivuta mafuta, ringi na silinda zimekwisha, na kwa XL swali sio bei, swali ni kama pistoni ya saizi hiyo ipo nchini. Yamaha DT na AG100 ni injini za tu-stroku, zinaunguza oili kwa asili yake, moshi kidogo sio kosa. Kwa hizo uliza kitu kingine: oili inaingia kwa pampu yake au jamaa anachanganya kwa mkono kwenye tenki? Akisema anachanganya, pampu ilishakufa au ilitolewa, na siku utakayosahau kuchanganya pistoni inakamata.

Gia inaruka. Weka 2, vuta, achia, vuta, fanya hivyo na ya 3. Ikirudi nyutro yenyewe mara nyingi injini lazima ipasuliwe mapande mawili, achana nayo.

Rangi mpya inang'aa. Nani anapaka rangi pikipiki ya miaka 40 anayoiuza? Angalia shingo ya chesisi na pale swingiamu inaposhikia, tafuta alama za kuchomelea chini ya hiyo rangi. Fungua mfuniko wa tenki umulike na simu, ukiona kutu ya unga ujue kabureta itakuwa inaziba kila wiki mpaka utachoka.

Taa inawaka kama kibatari. XL125S na XL185S nyingi za mwanzo wa miaka ya 1980 ni za volti 6, na kila kitu madukani siku hizi ni volti 12. Mtu akikufungia balbu ya 12 kwenye 6 itawaka kinyonge, akifunga betri ya 12 bila kubadilisha mfumo wa kuchaji haitajaa. Muulize mwenye pikipiki ni volti ngapi, akibabaika ujue hajui alichonacho.

Na hii ya mwisho kwa injini ndo naiwekea mkazo. Chukua kitambaa chenye petroli, futa tope chini ya injini upande wa kushoto mpaka namba isomeke. Ukikuta 162FMJ, hapo hakuna Honda tena, ni tenki na chesisi ya Honda juu ya injini ya Kichina, na jamaa anakutoza bei ya Japani. Ni nyingi sana hizi. Pikipiki yenyewe inaweza kuwa inatembea vizuri tu, na spea zake ziko kila duka, ila thamani yake ni nyingine na namba ya injini haitafanana na ya kwenye kadi kama mabadiliko hayakuingizwa TRA. Namba ya chesisi nayo ipo kwenye shingo, isome mwenyewe, usisomewe. Tarakimu zilizokaa mshazari au eneo limesagwa, ondoka bila kugombana.

SPEA, KABLA YA MKONO KUSHIKWA

Andika karatasi vitu 5: pistoni na ringi zake, pleti za klachi, sidiai (kifaa cha umeme wa plagi), timing cheni, kebo ya klachi. Piga simu kwenye maduka mawili ya mkoani na moja la Kariakoo, uliza kila kimoja kwa jina la modeli. Wakikujibu "tunakutafutia" kwa vitatu kati ya hivyo, ujue utakuwa unaishi kwa kuchongesha na kuazima vya pikipiki nyingine. Hii simu ya dakika chache inasema mengi kuliko fundi wa jirani anayekusifia "chuma hicho". Afu huyo fundi naye muulize, fundi samahani, wewe mwenyewe umeshafungua injini ngapi za hizi?

NANI AMWONGEZE NANI

Pikipiki mpya kidogo ina soko, ukiipeleka kijiweni leo jioni imeuzika. XL inasubiri mtu anayeipenda. Kwa hiyo kubadilishana kichwa kwa kichwa mara nyingi ni wewe umeliwa, jamaa ndo anatakiwa akuongezee hela juu. Njia safi zaidi ni kila mtu auze kivyake, uuze yako taslimu, ununue ya kwake taslimu, hapo bei inajisema yenyewe. Akikataa kabisa kupokea hela na anataka pikipiki yako tu, jiulize anajua nini.

Makaratasi: kadi iwe na jina la huyo anayekuuzia, kama ina jina la mtu mwingine basi uone mkataba wa kila mkono iliyopitia. Za mradi zilizokuwa na namba za DFP na za halmashauri zenye SM lazima ziwe na karatasi za mnada na ziwe zimeshasajiliwa upya kwa namba za MC, "karatasi zipo nyumbani" sio karatasi. Angalia mtandaoni kama ina deni la faini za trafiki, namba ya pikipiki inatosha. Andikeni mkataba mbele ya wakili, taja namba za chesisi na injini za pikipiki zote mbili na hela iliyoongezwa, kila mmoja aache kopi ya kitambulisho cha NIDA na TIN, afu mwende TRA wote wawili siku hiyohiyo mbadilishe umiliki pande zote. Watu wanasahau upande wao. Boxer yako ikigonga mtu wiki ijayo na kadi bado ina jina lako, polisi watakuja kwako. Kama jamaa anasema TRA ataenda mwezi ujao akishapata nafasi, na wewe kabidhi pikipiki mwezi ujao.